Wikiendi mjini Lubumbashi pamoja na marafiki: tuwapeleke wapi wageni wetu?

Mpakuzi wa Kasumbalesa (mwanzisha uzi)

Ndugu wasomaji, salaam.

Kila Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi hapa Lubumbashi anapopata wageni kutoka nyumbani, swali huwa lilelile: Jumamosi na Jumapili tuwapeleke wapi? Jibu la wengi wetu ni kwamba hakuna cha kuona, kwamba huu ni mji wa malori, migodi na mabenki, na kwamba mwenye hamu ya kutembea avuke mpaka aende Livingstone, Zambia. Jibu hilo silikubali. Mwezi uliopita nilipokea marafiki, wawili wakitoka Dar es Salaam na mmoja Eldoret, jirani yangu aliyezaliwa Katuba, mtaa wa hapahapa mjini, akakubali kutuongoza, na wikiendi nzima tuliutembea mji, sehemu kubwa kwa miguu. Ninaandika mpango wetu hapa ili anayekuja autumie, na anayeujua mji kuliko mimi aurekebishe.

Rai yangu ni moja. Zanzibar unaweza kuingia kichochoro chochote nacho kikajieleza chenyewe, lakini Lubumbashi haijielezi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji wa wakati huo, mwaka uleule ambao reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) ilifika hapa, na kilichoyaleta yote mawili ni shaba. Karibu kila jengo la zamani limesimama kwa fedha ya shaba au kwa ugomvi uliozaliwa na shaba. Mgeni anayeanza na shaba ataelewa anachokiona. Anayeanza na mahoteli ataona barabara pana na mijakaranda, basi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulianzia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, taasisi ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1937. Waliotoka Dar walitaka kupita haraka, wakidhani watakuta vinyago vilevile vya kila makumbusho, hadi walipoonyeshwa misalaba ya shaba. Karne nyingi kabla Mbelgiji hajafika, wafua shaba wa Katanga, eneo hili la Lubumbashi, waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa, wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa mali: ilitolewa mahari, ilinunua bidhaa, ilizikwa pamoja na wafu. Wanaakiolojia walioanza kuchimbua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957 waliikuta humo, na wakaona kwamba kadiri karne zilivyosogea ndivyo ukubwa wake ulivyozidi kulingana, dalili kwamba ilikuwa inageuka kuwa fedha hasa.

Hapo ndipo pa kuwasimulia Watanzania habari za Msiri. Alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa kutoka Unyamwezi, akafuata shaba na pembe za ndovu hadi Katanga katikati ya karne ya 19, akaanzisha dola la Wayeke lenye makao Bunkeya, na tarehe 20 Desemba 1891 akauawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliokuja kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili. Rafiki yangu mmoja asili yake ni Tabora, na mchana kutwa aliendelea kuuliza kwa nini shuleni tulifundishwa Mirambo kwa kirefu na huyu jirani yake tukapewa mstari mmoja.

Kutoka makumbusho, katikati ya mji panafikika kwa miguu. Tulilipita Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali, tukalipita sinagogi la mwaka 1930, lililojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, kisha tukafika kwenye ukumbi wa zamani wa maigizo, kazi ya msanifu Mbelgiji Claude Strebelle ya mwaka 1956, ambao leo ni makao ya Bunge la Mkoa na huitwa Jengo la Tarehe 30 Juni. Kwa macho yangu hilo ndilo jengo zuri kuliko yote mjini. Ni jengo la serikali, kwa hiyo litazame utakavyo, lakini usiinue simu kupiga picha kabla hujaomba ruhusa.

Tulipokaa sana ni Uwanja wa Posta, kwenye sanamu ya Moïse Tshombe. Watu wa rika langu kwetu tulikua tukilisikia jina la Patrice Lumumba kuwa la shujaa na la Tshombe kuwa la msaliti, na mjadala ukaishia hapo. Huku Tshombe amesimamishiwa sanamu mahali pa heshima. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, aliitangaza Katanga kuwa nchi iliyojitenga, akiungwa mkono na Wabelgiji na kampuni ya migodi ya Union Minière. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa mji huu kwa ndege na kuuawa usiku uleule. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaumaliza utengano huo. Mwaka 1964 Tshombe huyohuyo akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, na mwaka 1969 akafia kizuizini Algeria. Marafiki zangu walianza kubishana palepale, tena kwa sauti, hadi jirani yangu akatuomba kwa upole tukamalizie mabishano mbele ya kinywaji. Mambo haya yazungumzwe, lakini mgeni asimpime mwenyeji kwa alichosomeshwa yeye darasa la sita.

Jioni tulikwenda kulitazama bomba la moshi. Lina urefu wa mita 153, na pembeni yake uko mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba, yaliyorundikwa tangu tanuru lilipowashwa mwaka 1911. Hiyo ndiyo sura ya Lubumbashi kwenye michoro na mabango. Mlima wenyewe si taka tena, maana una kobalti, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukichakatwa upya kama mgodi uliowekwa juu ya ardhi. Ni eneo la kiwanda. Msihangaike kuomba kuingia. Uzuri wake ni wa mbali, jua linaposhuka nyuma yake.

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda Kamalondo. Zamani mtaa huu uliitwa Cité Albert, ndio uliotengwa kwa ajili ya Waafrika, na kati yake na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu kwa hoja kwamba mbu wa malaria hataweza kuuvuka. Mbu hawakuulizwa. Leo watu wanaijua Kamalondo kwa uwanja wa TP Mazembe, timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini, ikatwaa ubingwa wa Afrika 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, ikafungwa na Inter Milan mabao 3 kwa 0. Mbwana Samatta alitua hapa akitokea Simba mwaka 2011, Thomas Ulimwengu akawa naye, na katika fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger Samatta alifunga katika mechi zote mbili. Januari 2016 akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Nawajua Watanzania ambao wameishi mji huu miaka na hawajakanyaga uwanja ule. Hilo silielewi.

Ya matumizi ni machache. Dola na franka vyote vinapokelewa, ila noti ya dola yenye mpasuko hata mdogo itakataliwa kila mahali. Saa za huku ziko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja. Magari hupita kulia, kwa hiyo unapovuka barabara anza kutazama kushoto. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima mpakani. Juni na Julai kuna baridi kali asubuhi, maana mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Wageni wangu wa Dar walinunua masweta.

Binti Katuba

Kaka, asante kwa kuutendea haki mji wetu. Ila umeutazama kwa jicho la mtu wa mizigo: shaba, reli, bomba la moshi. Mgeni akiondoka bila kuona mchoro hata mmoja, mimi sihesabu kwamba amefika Lubumbashi.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar, akawaachia vijana wachore walivyoona wenyewe, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole badala ya brashi, na Mwenze Kibwanga anayejulikana kwa vistari vyake vifupi vilivyojaza picha nzima. Miaka ya 1970 wakaja wachoraji wa mitaani, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmojawapo, wakachora historia ya nchi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha hizo zikatundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wa kawaida. Tangu 2008 kuna Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, iliyoanzishwa na kundi la wasanii liitwalo Picha, Sammy Baloji akiwemo. Anayekuja wakati wake atakuta maonyesho sehemu mbalimbali za mji. Anayekuja wakati mwingine aulize kinachoendelea Halle de l'Étoile, ukumbi wa utamaduni, maana hapo hapakosi picha au muziki.

La pili, kama wageni wanakuja kiangazi, Jumapili moja waachie mpira waende kijiji cha Makwacha, nje ya mji. Mvua zikikatika, akina mama wa Makwacha hupaka upya kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi waliouchimba wenyewe, nyekundu, nyeupe, njano, kijivu, na kila nyumba ina mchoro wake. Mvua zikirudi zinafuta, nao mwaka unaofuata wanaanza upya. Nendeni na mtu anayefahamika kijijini, salimieni wazee kwanza, na zawadi muiulizie kabla ya kufika.

La tatu ni chakula, ambacho kaka hukukigusa kabisa. Mliwalisha nini wageni? Tafadhali usiniambie chipsi.

Mlima Cherangany

Heshima kwenu nyote. Mimi ni Mkenya, ninahamia huko mwakani, na nimeona kwenye ramani kwamba kuna komuni (wilaya ya mji) nzima inayoitwa Kenya. Je, inafaa kuitembelea, au nitakuwa mgeni wa kuchekwa? Na hili la kamera naomba lifafanuliwe, maana mimi hupiga picha kila ninapokwenda, na sitaki kuianza kazi yangu mpya nikiwa kituoni.

Mzee wa Ruashi

Mwanangu wa Cherangany, karibu. Kenya ni komuni ya watu wengi, ina soko kubwa, na ukisema unatoka nchi ya Kenya utataniwa kwa wiki nzima, kisha utauziwa kwa bei nzuri. Nenda asubuhi, usibebe mkoba mkubwa, simu iwe mfuko wa mbele. Kuhusu kamera, picha za marafiki zako, za chakula, za wauzaji waliokubali, hazina neno. Kambi za jeshi, ofisi za serikali, madaraja, uwanja wa ndege, vituo vya reli na milango ya migodi, achana navyo. Akija mtu wa usalama kukuuliza, msalimie, mwonyeshe nakala ya pasi yako ya kusafiria, usibishane wala usikimbilie mfukoni. Jioni zaidi usitembee peke yako mitaa usiyoijua, kama ambavyo usingetembea Nairobi.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi. Umesema habari za Tshombe kwa adabu, nami nakushukuru, ila nikuongezee. Ukitaka wageni waelewe, siku moja wapeleke na Shilatembo, yapata kilomita 50 kutoka mjini, mahali Lumumba na wenzake walipouawa. Juni 2022, jino la Lumumba, sehemu pekee ya mwili wake iliyobaki, liliporudishwa kutoka Ubelgiji, jeneza lilipitishwa huko kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mtu aliyesimama Uwanja wa Posta asubuhi na Shilatembo mchana hatauliza tena nani shujaa na nani msaliti kwa wepesi ule wa mwanzo.

Tena umetaja Union Minière mara moja na kupita. Kampuni ile iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1967 serikali ikaitwaa. Baadaye ndiyo ikawa Gécamines. Sisi tuliozaliwa kwenye kambi zake tulipewa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga, hata wazazi wetu wakawa wanasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakawia kwa miezi, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wageni wako wakipita kwenye mitaa ile ya nyumba zilizopangwa mistari, na wamekuta kila baraza ina meza ya kuuzia mkaa, sabuni na mikate, hiyo ndiyo sababu yake. Huku kwetu Ruashi tuko jirani na mgodi wa Étoile, wa kwanza kuchimbwa, na bado vumbi lake tunalifagia.

Jirani wa Ndola

Mimi ni Mtanzania niishiye Ndola. Wenye magari wanaweza kuunganisha wikiendi mbili: ya kwanza Lubumbashi, ya pili huku, ambako kuna kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mahali ndege yake ilipoanguka Septemba 1961 akiwa njiani kukutana na Tshombe. Hadithi ni ileile, mpaka tu ndio unaokatiza katikati. Kwa wapenzi wa reli, njia ya kutoka Sakania, mpakani, hadi Lubumbashi ina upana wa milimita 1,067, sawa kabisa na TAZARA, ndiyo maana behewa linaweza kutoka bandari ya Dar es Salaam likafika Lubumbashi bila kubadilishiwa magurudumu. Muda litakaotumia ni habari nyingine.

Mpakuzi wa Kasumbalesa

Nawashukuru sana. Nianze na Mzee: Shikamoo, na Shilatembo nimeipokea. Nitaiweka Jumamosi mchana badala ya kuzunguka madukani, kwa sharti la gari imara na kurudi kabla ya giza.

Dada wa Katuba, Makwacha nimeikubali pia, lakini kwenye michoro nina pingamizi dogo. Unasema mimi nimeona shaba tu, ilhali picha zile za magunia ya unga zilinunuliwa na nani? Na mfanyakazi wa mgodini na wa reli mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na sebule ya kupamba. Palipokosekana mshahara, wanunuzi wa mtaani nao walipungua, wachoraji wakategemea wageni. Kwangu mimi mchoraji wa Lubumbashi naye ni mtu wa shaba, kwa njia ya mzunguko.

Kuhusu chakula, chipsi hatukugusa. Jumamosi tulikula bukari (ugali wa huku) kwa sombe (kisamvu) na samaki wakavu, Jumapili mbuzi wa kuchoma. Mgeni wa Eldoret, ambaye kwao ugali ni mgumu wa kukatika, alilalamikia bukari iliyochanganywa unga wa muhogo kuwa inanata, kisha akaomba nyongeza. Kilichowashangaza wote ni chikanda, ule mkate wa mizizi ya okidi na karanga, ambao jirani yangu aliununua njiani bila kuwaeleza ni kitu gani. Waliapa ni soseji.

Binti Katuba

Kaka, kwa chikanda nimekusamehe. Kwa hoja ya mshahara sijakusamehe: Makwacha hakuna aliyelipwa na kampuni, wala kuta zile haziuzwi, na bado kila kiangazi zinapakwa. Ukija na wageni wengine njoo nao nyumbani kwanza, tutapika lengalenga (mchicha) na matembele, ndipo tupange pa kwenda.

Na kama wanataka kurudi na zawadi, malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ndiyo ya kununua, ila washike kila kipande mkononi kabla ya kulipa: jiwe la kweli ni zito, ni baridi, na mistari yake ya kijani hailingani. Kipande chepesi kisicho na baridi ni plastiki, hata muuzaji aape vipi.

Mlima Cherangany

Nimenakili yote. Swali la mwisho kwa mwanzisha uzi: tiketi za Mazembe zinanunuliwa mapema au siku ya mechi?

Mpakuzi wa Kasumbalesa

Mechi ya kawaida nunua siku ileile, ila fika mapema, kwa sababu uwanja ni mdogo, unachukua watu wapatao 18,000 tu. Siku ya kukutana na Saint Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli iliyozaliwa mwaka uleule wa 1939, mwombe mwenyeji akununulie kabla, na umuulize ukae upande gani. Usivae rangi yoyote inayofanana na ya timu mojawapo mpaka uwe umeamua.